Bibi Shamba Anajibu: Motomoto, nyasi isiyoogopa jembe wala kiberiti

Haya wapendwa, toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, tena napita njia nikielekea kwenye mada nyingine, kwamba mwenye motomoto shambani asiichome. Basi! Simu haijapumzika tangu siku ile. Kuna mmoja kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake anahema kwa hasira. Kwa hiyo safari hii maswali ya kuku na ya mbolea yasubiri kidogo, ukurasa wote ni wa motomoto. Nimefupisha maswali maana wengine mmeandika kama mnaandika wosia.

Swali: Shikamoo Bibi Shamba. Nimekutumia picha ya nyasi zilizojaa kwenye kiwanja changu. Jirani anasema ni motomoto, fundi anasema ni ndago, mke wangu anasema ni sangari. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba baba. Picha yako imetoa kidole gumba vizuri sana, nyasi sijaiona, kwa hiyo nenda kiwanjani ukajithibitishie mwenyewe.

Ndago tuitoe kwanza. Ndago wala siyo nyasi, ni ndugu wa mafunjo, ukishika shina lake la ua ukalizungusha kati ya vidole viwili unahisi kona tatu, na ukichimba unakuta vijikokwa vyeusi vimeshikana kama shanga. Sangari nayo ina majani mafupi, laini, imetambaa chini, na ua lake limegawanyika vidole vidole. Motomoto haina habari ya kutambaa juu. Jani linatoka ardhini moja kwa moja limesimama kama upanga, shina hulioni, linakufika kiunoni na pengine kifuani.

Sasa chuma jani moja uliinue juani. Utaona mshipa mweupe unaokwenda toka chini mpaka juu, ila angalia vizuri, hauko katikati, umeegemea upande mmoja. Hiyo ndo alama yangu mimi, nikiiona siulizi tena. Halafu pitisha kidole kwenye ukingo wa jani, polepole, usije ukanilaumu, utahisi vijino kama vya msumeno. Ule ukali ni silika, madini yaleyale ya kutengenezea kioo. Ikiwa na ua ndo rahisi zaidi, ni mkia mweupe wa hariri, mrefu kama kidole au zaidi, na shamba zima likitoa maua pamoja unaweza kudhani kuna mtu kamwaga pamba.

Kama bado una wasiwasi chimba. Chini utakuta kitu cheupe chenye pingili pingili kama muwa wa kuchezea, kina magamba makavu na ncha kali kama mwiba. Osha utafune, ni tamu kidogo. Usishangae, motomoto na muwa ni ukoo mmoja, humohumo kuna mahindi, mtama na hata mchaichai. Wenyewe wataalamu wanaiita Imperata cylindrica, hilo cylindrica ni kwa sababu ya ule mkia wa duara, na Imperata ni kwa heshima ya Ferrante Imperato, muuza dawa wa Naples wa miaka zaidi ya 400 iliyopita aliyekuwa anakusanya kila kitu cha porini, kuna mchoro wa chumba chake unaonyesha mpaka mamba mkavu kaning'inizwa kwenye dari. Maskini mzee wa watu, kati ya mimea yote duniani wakampa hii.

Swali: Nimechoma miaka mitatu mfululizo na kila mwaka inarudi nene zaidi. Naona kama naipalilia.

Jibu: (Huyu ndo yule wa dakika nne.) Mwanangu umeshajijibu, unaipalilia kweli.

Tatizo ni kwamba sisi tunaangalia majani tukadhani ndo mmea. Zaidi ya nusu ya mwili wa motomoto unaweza kuwa chini ya ardhi, kwenye yale mashina meupe niliyoyasema hapo juu. Watu wanayaita mizizi lakini ni mashina, yana pingili, na kila pingili ina jicho linaloweza kuchipua likawa mmea mzima. Mengi yako kwenye sentimita 20 za juu, ila yapo yanayozama mpaka mita moja na ushee. Sasa wewe umewasha kiberiti. Moto wa nyasi unapita haraka, kelele nyingi, moshi mwingi, lakini udongo ni blanketi, chini kidogo tu hakuna hata joto la kuivisha yai. Umechoma nguo, mwenye nguo kalala.

Na ungeishia hapo ingekuwa afadhali. Huo moto umeua miche ya miti iliyokuwa inajitahidi kuinuka humo ndani, umeua vichaka, umeua kila kilichokuwa kinaelekea kuiwekea kivuli, afu yenye akiba ya chakula ardhini ni yenyewe peke yake kwa hiyo siku chache tu baadaye ndo ya kwanza kutoa kichwa, kiwanja chote chake, jua lote lake. Tena ikichomwa inachochewa kutoa maua, ikifyekwa hivyohivyo, na hata ukimwaga mbolea ya naitrojeni. Shina moja linaweza kutoa mbegu mpaka 3,000, kila moja ina nywele zake, upepo ukija zinaondoka kama hazijawahi kuwa zako.

Afu majani yake yakikauka hayaanguki yakaoza, yanabaki yamesimama, yanasubiri. Shamba la motomoto linaweza kuwaka hata likiwa bado lina ukijani. Jina lenyewe linakwambia. Kwa hiyo moto unaizalisha nyasi, nyasi inauita moto, na ukitaka kujua hiyo duara inaweza kwenda mbali kiasi gani angalia Asia ya kusini mashariki na jirani zake, msitu ulikatwa, ukachomwa, ukalimwa, ukaachwa, ukachomwa tena, mpaka miaka ya 1990 watafiti wakakadiria hekta kama milioni 35 zimekuwa motomoto tupu.

Mimi sikucheki lakini. Nikiwa binti nimetoka chuo, najiona najua, nilipewa nusu eka yenye motomoto nikaita trekta ikapiga haro mara moja, safi kabisa, udongo mwekundu unapendeza, nikapiga na picha. Haro ilikuwa imekatakata yale mashina vipande vipande na kuvisambaza sawasawa kama mtu anayepanda viazi. Baada ya wiki tatu kila kipande kimeota. Ile picha ninayo mpaka leo, simwonyeshi mtu.

Swali: Nimevuna mihogo, mingi ina tundu lililonyooka kama limepigwa msumari, na pembeni ya tundu panaoza. Ni mdudu gani na nipulizie nini?

Jibu: Weka bomba chini, hakuna mdudu. Chukua muhogo mmoja uupasue kwa urefu ukifuata lile tundu. Nakuhakikishia kwenye mmoja wapo utakuta kishina cheupe bado kimo ndani, kimeingia upande huu kimetokea kule kama sindano kwenye andazi, na pengine kimeanza kutoa vijimizizi humohumo ndani ya muhogo wako. Ile ncha niliyosema ni kama mwiba haizunguki kitu, ikikutana na kiazi inatoboa inaendelea na safari. Wakulima wa mihogo na viazi vikuu wa Afrika Magharibi wanaifahamu sana hii kadhia, kwa Kiingereza chao kule wanaiita nyasi ya mkuki.

Tundu lenyewe siyo sumu, shida ni kwamba ni mlango, uozo unaingilia hapo. Kwa hiyo ile iliyotobolewa itenge, itumie kwanza au imenye uikaushe, usiichanganye na ya kuweka. Msimu ujao nguvu zako zote za palizi ziweke ile miezi ya mwanzo kabla muhogo haujafunga majani, hapo ndo motomoto inakunyang'anya shamba, muhogo ukishafunga kivuli chake ndo mlinzi. Na kama unaweza kupata mbegu ya muhogo unaotawanya matawi badala ya ule unaokwenda juu kama nguzo, chukua huo.

Swali: Nasikia motomoto ikiota ujue udongo umekufa. Niuze shamba?

Jibu: Usiuze. Motomoto inavumilia udongo mchovu na wenye asidi, hilo kweli, ila inaota vizuri tu na kwenye udongo mzuri. Inachokwambia ni kwamba mahali hapo palifyekwa au pamekuwa panachomwa na jua linafika chini bila kizuizi. Ya rutuba peleka udongo ukapimwe.

Swali: Mimi ni mwanafunzi, tumepewa kazi ya kueleza mmea vamizi. Motomoto asili yake wapi na imefikaje kila mahali?

Jibu: Safi mwanangu, ila kazi uiandike mwenyewe, nakupa malighafi tu.

Asili yake ni pana mno, ndo maana watu wanabishana. Afrika ipo, Asia ipo, Australia ipo, hata nchi za kuizunguka Mediterania. Kila mahali ina jina lake, Ufilipino ni cogon, Indonesia alang-alang, Malaysia lalang, Japani chigaya. Kwa hiyo huku kwenye ulimwengu wa zamani ni mwenyeji aliyekorofishwa, sisi ndo tuliofyeka na kuchoma tukampa nafasi. Kuitwa mvamizi hasa ni Marekani, na kule haikwenda kwa upepo, ilisafirishwa na watu.

Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mwaka 1912 huko Grand Bay, jimbo la Alabama, ilipokelewa miche ya michungwa kutoka Japani, na wafungaji walikuwa wamejaza makreti nyasi kavu ili miche isiumie njiani. Nyasi gani? Ndiyo hiyo. Miche ikatolewa, nyasi ikatupwa, na iliyotupwa ikaota. Ya pili ilikuwa makusudi kabisa, mwaka 1921 ililetwa Mississippi kutoka Ufilipino wakijaribu kama itafaa kuwa malisho ya ng'ombe. Baadaye na Florida nao wakaijaribu, kwa malisho na kwa kushika udongo usimomonyoke. Ng'ombe wakaikataa, udongo ikaushika kwelikweli mpaka leo haijauachia. Sasa hivi iko kwenye orodha ya magugu yaliyopigwa marufuku na serikali kuu ya Marekani, kuivusha toka jimbo moja kwenda jingine bila kibali ni kosa, lakini inavuka tu, inapanda kwenye matairi ya magreda, kwenye mashine za kufyeka pembeni ya barabara, kwenye lori la kifusi.

Andika na hili, mwaka 1977 Leroy Holm na wenzake walipotoa orodha yao ya magugu mabaya kuliko yote duniani, motomoto iliwekwa ya saba, wakiihesabu kwenye nchi 73.

Ila usimalizie kwa kuitukana, mwalimu wako atakupa alama zaidi ukimwonyesha upande wa pili. Kule Nepal na kaskazini mwa India kuna mbuga za nyasi ambazo motomoto ndo mwenyeji halali, kuna ndege mmoja wa jamii ya tandawala aliye hatarini kutoweka anaishi kwenye nyasi za namna hiyo, ukiziondoa na yeye umemwondoa. Hifadhi ya Chitwan huko Nepal tangu miaka ya 1970 imekuwa ikiwafungulia wanakijiji wa jirani siku chache kila mwaka waingie wakate nyasi za kuezekea. Magugu ya huyu ni paa la yule.

Swali: Bibi Shamba mi sitaki historia. Nitajie dawa moja tu ya kuimaliza. Nimechoka.

Jibu: Pole. Dawa ni moja kweli, inaitwa kivuli. Mengine yote ni kuisaidia hiyo.

Motomoto ni nyasi ya jua kali, chakula chake inakipika kwa namna inayohitaji mwanga mwingi. Ikinyimwa nusu ya mwanga inaanza kudhoofika, ikizidishiwa kivuli inakonda, yale mashina chini yanatumia akiba bila kuingiza kitu mpaka yanaisha. Kwa hiyo swali la kujiuliza siyo nitaikata vipi, jiulize nitaifunika na nini.

Kwenye shamba la mazao ya msimu mimi napendekeza mucuna, ni mkunde, ni ndugu kabisa wa upupu lakini ile aina isiyowasha, tafadhali ulizia vizuri kabla hujanunua mbegu la sivyo utanikumbuka ukijikuna. Unafyeka motomoto mwanzo wa mvua, unapanda mucuna karibu karibu, ikichipua unaisaidia kwa palizi moja, baada ya hapo inapanda juu ya nyasi inailalia kama shuka. Kusini mwa Benin wakulima wengi waliikubali kwa kazi hiyohiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na faida ya juu ni kwamba inaacha naitrojeni kwenye udongo. Msimu mmoja hautoshi kama hali ni mbaya, rudia. Na zile mbegu zake usizichemshe kama maharage ukala, zina kemikali inayochezea ubongo, siyo mchezo.

Kwenye kilima au eneo unalotaka lirudi msitu, hapo kuna mbinu ya Ufilipino ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji hela. Hawakati nyasi, wanailaza. Unachukua ubao wa urefu wa kama mita moja, unafunga kamba ncha hii na ncha ile, kamba unaivaa mabegani. Unasimama mbele ya nyasi, unainua ubao kwa kamba, unaurusha mbele juu ya majani, unaukanyaga kwa mguu na uzito wako wote, shwaa, nyasi inalala. Hatua moja mbele, tena. Wakiwa watatu wamejipanga bega kwa bega wanaacha nyuma yao kitu kama mkeka. Siri iko hapa, ukifyeka unaiamsha, inachipua upya kwa hasira, lakini ukiilaza bila kuikata inakaa imelala muda mrefu, tena ile iliyo juu inaiwekea kivuli iliyo chini, na hata moto ukija unakuta nyasi imelala chini, ndimi zake ni fupi, unazimika kirahisi kuliko ule wa nyasi iliyosimama.

Ila kabla ya kulaza lazima utembee humo ndani taratibu, umeinama, unapanua majani kwa mikono, unatafuta miche ya miti iliyojificha. Ipo, watu huwa hawaamini mpaka waione. Kila mche unauchomekea kijiti, unaupalilia kwa jembe duara la kama nusu mita kuuzunguka, halafu ndo unalaza nyasi iliyobaki. Unarudia kila inapoanza kuinuka. Miti ikishaipita nyasi kimo, kazi yako imekwisha, wao wataendelea. Njia ya kuzuia moto pembeni ni lazima, mtu mmoja na kiberiti chake anakurudisha mwanzo kwa mchana mmoja.

Jembe nalo linafaa, lakini kiangazi, na siyo mara moja. Chimbua, yaanike mashina juani yakauke kabisa, rudi tena, rudi tena. Ukifanya mara moja ukaacha umeshasikia habari za haro yangu.

Na dawa za kupuliza, najua ndo ulichokuwa unasubiri. Glaifoseti inafanya kazi, lakini watu wanaipuliza kwenye majani makavu marefu yaliyojaa vumbi kisha wanasema dawa feki. Ile inaingia kwa jani bichi linalokua, inashuka na chakula mpaka kwenye mashina. Kwa hiyo fyeka kwanza, subiri ichipue majani mabichi ya kutosha, ndo upulize, na jiandae kurudia. Ikigusa zao lako inaua na zao. Vaa glovu, funika uso, soma karatasi ya maelekezo, usipulize karibu na maji. Afu ukishapuliza panda kitu cha kufunika, maana kiwanja kitupu chenye jua ni mwaliko.

Swali: Mbuzi na ng'ombe wanakula?

Jibu: Changa wanakula, ile ya wiki chache tu tangu ichipue. Ikishakomaa protini inashuka chini ya kile anachohitaji mnyama, jani limejaa silika linakwaruza mdomo, atalijaza tumbo na atakonda huku ameshiba. Najua kuna wafugaji wanachoma makusudi wapate machipukizi, mnapata wiki chache za malisho mnalipa kwa mwaka mzima, hesabu ifanyeni wenyewe. Ni heri kuifyeka kipande kipande kwa zamu, kila wiki sehemu yake. Kuipanda kama malisho usithubutu, ya Mississippi nimeshawaeleza.

Swali: Bibi Shamba, mi nataka kujenga kibanda cha kupumzikia niezeke kwa motomoto. Itadumu? Nikate lini?

Jibu: Hapo sasa tunaongea. Kwa kuezeka motomoto ni miongoni mwa nyasi nzuri sana, ule ukali wa silika unaowashinda ng'ombe ndo unaoufanya uozo uende taratibu. Kule Bali yale mapaa mazito ya nyasi unayoyaona kwenye picha za watalii mengi ni yenyewe, alang-alang.

Kata kiangazi, jani limekomaa na kukauka likiwa bado limesimama, halijavunjika. Ukikata bichi litajikunja na kuvunda. Ile mikia meupe iache hukohuko shambani, kung'uta kabisa, usije ukabeba mbegu 3,000 ukazipandisha juu ya paa zikakuangukia uani. Kisha kazi ambayo watu wanairuka, kuchana. Shika fungu, lipitishe kwenye kitu chenye meno, hata misumari iliyopigiliwa kwenye ubao, yale majani mafupi na mabovu yatoke, ubaki na marefu yaliyonyooka. Gonga kitako cha fungu chini yalingane. Hapo unaweza kulikunja juu ya ufito na kulishona, shuka kwa shuka, ukianzia chini ya paa ukipanda juu.

Kudumu kunategemea mwinuko kuliko nyasi. Paa liinuke, nyuzi 45 hivi au zaidi, maji yateremke yasikae. Paa la kulala linaoza hata ungeezeka kwa hariri. Nene inadumu kuliko nyembamba, na paa lenye moshi wa jiko chini yake wadudu hawalipendi. Ila moto, jamani, hii ni motomoto, jiko liwe mbali na ukingo wa paa na waya za umeme zipitishwe na anayejua.

Swali: Bibi yangu mzaa mama alikuwa anachemsha mizizi yake kwa mtu mwenye tatizo la mkojo. Ni kweli inatibu?

Jibu: Bibi yako hakuwa peke yake. Tiba ya jadi ya Uchina inayo tangu zamani sana, inaitwa bai mao gen, wanatumia yale mashina meupe kwa kusukuma mkojo, kushusha joto la mwili na kuzuia damu, na wanayachemsha pia pamoja na muwa kama kinywaji cha siku za joto. Japani watoto wa zamani walikuwa wanavuta vile vimaua vichanga kabla havijafunguka wanavitafuna kwa ule utamu, na mpaka leo kila mwezi wa sita kwenye mahekalu yao ya Kishinto wanasuka pete kubwa ya nyasi hii, mtu anapita katikati yake kujitakasa. Kwa hiyo heshima inayo.

Lakini swali lako ni la kutibu. Mkojo wenye damu, mkojo uliofunga, miguu iliyovimba, hayo ni ya kupimwa hospitali kwanza, leo siyo kesho, maana nyuma yake kunaweza kuwa na figo na figo haisubiri sufuria ichemke. Anayetumia tayari dawa za presha au za figo amwambie daktari kabla hajanywa chochote cha kuchemsha. Na usichimbe pembeni ya barabara wala kwenye shamba lililopulizwa, yale mashina ndo ghala la mmea, kilichopulizwa juu kinashukia hapo.

Swali: Nimeona kwenye picha nyasi nzuri sana majani mekundu kama damu, inaitwa Red Baron, nataka niipange pembeni ya njia ya kuingilia nyumbani. Inapatikana wapi?

Jibu: Dada yangu, hiyo ni motomoto iliyovaa nguo ya sherehe. Ndiyo hiyohiyo Imperata cylindrica, imechaguliwa tu kwa rangi. Ni kweli ni fupi na mpole kuliko ya porini, ila inaweza kugeuka, unaanza kuona jani la kijani moja hapa, mawili pale, na hayo ya kijani ndo yenye mbio, yakishika usukani ile nyekundu unaisahau. Kuna majimbo ya Marekani yamekataza hata kuiuza. Kwa hiyo pa kuipata sikuelekezi.

Kama umeshainunua na roho inauma kuitupa, basi ikae kwenye chungu, isiguse ardhi. Mkia wa ua ukitokea kata, jani la kijani likitokea ling'oe na shina lake. Chungu kiweke juu ya kigae kigumu, na kila baada ya wiki mbili tatu kiinue uangalie chini yake, maana ile ncha itakuwa inatafuta tundu la kutolea maji.